Aliyemlalia Anselmi

Mama Jesca alikuwa na sauti ya kuuza. Hata akikupa pole ungedhani anakutajia bei. Sauti hiyo hiyo aliitumia msibani kwangu, mbele ya wanawake wa mtaa wetu wa Mafiga waliokuwa wamekaa mikekani, aliposema kwamba mwanangu Anselmi hakufa kwa homa wala kwa mkono wa mtu. "Amelaliwa," alisema. "Mama yake kamlalia."

Nitaeleza tangu mwanzo, maana jambo hili limesimuliwa mno na watu ambao hawakuwepo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu Gabrieli kilipata mwekezaji, na mwekezaji akaanza kwa kupunguza watu. Gabrieli akaenda Ngerengere kwenye kibarua cha ujenzi, akawa anarudi nyumbani akipata nafasi. Wenye kichwa cha biashara waligeuza sebule zao kuwa maduka, na Mama Jesca aliwatangulia wote. Alikuwa anakwenda Dar kontena likifunguliwa, anarudi na vitu vya Ulaya: friji, mazulia, mashine za kusaga matunda, viti vya watoto vyenye mikanda na magurudumu. Nusu ya vitu vile tulikuwa hatujui kazi yake. Yeye pia alikuwa hajui, ila hilo hakulisema hata siku moja.

Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Nesi wa kliniki alituambia mtoto alale karibu na mama yake lakini kwenye kitanda chake mwenyewe, na maneno yale yaliniingia, kwa sababu mimi usingizini ni mtu wa fujo. Tangu utotoni kule kwetu mlimani dada zangu walikuwa wanagombania kutolala na mimi. Najigeuza, narusha miguu, asubuhi shuka liko sakafuni. Nikaapa mwanangu hatalala kwenye godoro langu hata kwa bahati mbaya, nikaanza kumtafutia kitanda.

Na nilitafuta kweli, si kwa kupapasa. Seremala wa jirani alinionyesha kitanda cha mninga kizuri sana, lakini vijiti vyake vilikuwa vimeachana mno. Nikaona mwili wa kichanga utapenya katikati na kichwa kibaki. Kingine sokoni kilikuwa cha bluu, nikakikwangua kwa ukucha, rangi ikanibandukia kidoleni. Mama yangu alitaka kuniletea kikapu cha kufumwa, nikamwambia kitanda cha mtoto kinatakiwa kiwe kigumu, kisiwe kitu cha kumzamisha. Kwa Mama Jesca ndipo nilipokipata. Kilikuwa cheupe, kimo chake sawa na kitanda changu, kuta tatu za wavu unaopitisha hewa, na upande wa nne ulikuwa wazi ili mama anyooshe mkono tu amfikie mwanawe. Godoro lilijaa kona hadi kona. Nilijaribu kuchomeka vidole pembeni vikakataa. Miguu ilikuwa na magurudumu madogo. Na chini ya ule upande wa wazi kulikuwa na vitobo viwili virefu vilivyozungushiwa chuma.

"Shikamoo, Mama Jesca. Hivi vitobo ni vya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Urembo huo. Mzungu hawezi kutengeneza kitu asikitoboe."

Nikacheka. Nikamwambia na mengine ambayo hakuniuliza, kwa sababu nilikuwa na furaha: kwamba mimi najigeuza sana nikilala, naogopa nisije nikamlalia mtoto, ndiyo maana nakitaka hiki. Akanishika tumbo akasema nina akili kuliko wanawake wote waliowahi kuingia dukani kwake. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Anselmi alizaliwa mzima, ana nywele nyingi, ana hasira kama mimi. Aliishi muda wa kutosha kuijua sauti yangu. Nikiongea alikuwa anageuza uso. Asubuhi moja niliamka nikaona kitanda chake kimesogea, na yeye yuko kwenye uwazi uliofunguka kati ya godoro langu na kitanda chake, uso umebanwa. Nilimtoa. Nilikaa naye kitandani kwangu nikipiga kelele, na majirani walipovunja mlango ndivyo walivyotukuta, mimi kitandani na mtoto kitandani. Muda si mrefu watu walikuwa wameshakisukuma kile kitanda cheupe ukutani ili wapate pa kutandika mikeka. Nilisema kilisogea. Nilisema mpaka sauti ikakauka, wakanipangusa uso wakaniambia nyamaza, mama.

Mama Jesca ndiye aliyenijibu. Alikuwa bado na kitanda kingine cha aina ile dukani, na hakutaka kiharibiwe jina. "Kitanda hakitembei, jamani," aliwaambia wale wanawake. "Mwenyewe aliniambia kwa kinywa chake kwamba anajigeuza, anaogopa atamlalia. Na hawa wenzetu wa mlimani mnawajua. Kwao kangara ni chai."

Kangara! Mimi pombe ile naijua harufu tu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa neno jepesi kubeba, kila mtu akaondoka nalo. Gabrieli hakuniuliza kitu. Ingekuwa afadhali angenipiga au angenitukana. Yeye alizika, akarudi Ngerengere, na safari za kuja nyumbani zikapungua. Mama Hidaya, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ananiachia wanawe kila akienda sokoni. Akaacha. Nikikaa kwenye benchi na wanawake wenye watoto, watoto walikuwa wanahamishwa goti la pili.

Aliyekuwa anaingia kwangu bila woga alikuwa mmoja, naye ni Jesca mwenyewe, binti wa yule mama. Alikuwa ameolewa Dar, akarudi kwao kwa ajili ya uzazi wake wa kwanza kama ilivyo desturi. Alikuja na tumbo lake na chupa ya uji, akakaa karibu nami, asiulize wala asinihurumie kwa maneno. Nilimpenda kwa hilo. Nataka ijulikane kwamba nilimpenda.

Mama yake nilimchukia. Nilikuwa nalala na chuki hiyo, naamka nayo, naipikia, naila. Nikisali rozari midomo ilikuwa inasema Salamu Maria na moyo unaomba yule mwanamke apigwe, avuliwe nguo hadharani, akose pa kuweka uso. Sikuomba nipate amani. Watu wanaoomba amani hawajasingiziwa mtoto wao.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo kifo cha Anselmi kilikuwa shauri la mjomba wangu Laurenti kuliko la mtu mwingine yeyote. Alikuwa amekuja kuzika na lile neno alilisikia, akapanda kwao ameinamisha kichwa. Baada ya muda akaniita. Ukoo ulitaka kukaa na kuniuliza kwa utaratibu kama ni kweli nimewaulia mtoto. Nilipanda mlima nikiwa tayari kugombana na kila mtu hadi bibi yangu.

Nilimkuta mjomba nje, anafunga tenga la kabichi kwenye baiskeli ateremke nalo sokoni akimaliza shauri letu. Nikamwamkia, akaitika bila kunitazama. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Alikuwa anakaza tenga kwa mikanda miwili mipana, myeusi, yenye vifungo vya kubana, na mwisho wa kila mkanda kulikuwa na kipande cha chuma kirefu, chembamba. Upana wa kile chuma niliujua. Nilikuwa nimeupapasa kwa kidole dukani kwa Mama Jesca.

"Mjomba, mikanda hii umeipata wapi?"

"Kule kwenu," alisema. "Nilipokuja kukuona una mimba. Nilipita kwa yule mama wa vitu vya Ulaya, nikamkuta anaichomoa kwenye vitanda vya watoto, akaniambia Wazungu wanafungia mizigo melini, kitanda hakina haja nayo. Nikamwambia mimi kabichi zangu zina haja, akaniuzia miwili."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nikamweleza: vile vitobo, yale magurudumu, upande wa wazi. Mikanda ile ilikuwa ya kukifunga kitanda cha mtoto kwenye kitanda cha mama, ili mama hata akirusha miguu vipi, viwili viende pamoja. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua vifungo vyote viwili, tenga likaanguka, kabichi zikaporomoka shambani kwa watu, naye hakuzifuata. Akaikunja mikanda akaiweka mapajani mwangu, akaanza kulia kwa sauti, kwa Kiluguru, akimwita Anselmi kwa jina la ukoo.

Baadaye, ukoo uliposhasikia na kila mtu kunishika mkono, alinisindikiza mpaka njia panda. "Nenda ukamwonyeshe huyo mama," aliniambia. "Na usikawie, Yustina. Umesema kingine bado kiko dukani. Usikawie."

Nilifika nyumbani nikakivuta kile kitanda cheupe kutoka ukutani, nikaingiza vile vyuma kwenye vitobo. Viliingia bila kusukumwa. Nikapitisha mikanda chini ya godoro langu, nikakaza, nikapanda kitandani nikajitupa huku na huku, nikapiga mateke kama mwenye degedege. Kitanda cha mtoto hakikusogea hata unene wa ukucha. Basi nililia kwa hasira mpaka Mama Hidaya akagonga ukuta.

Kesho yake nikaiweka mikanda kwenye kikapu nikaenda dukani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, makali, mengine siwezi kuyaandika. Mama Jesca alikuwa peke yake. Alikuwa amepiga magoti anafuta vumbi kile kitanda cha pili kwa kitambaa chenye sabuni, taratibu, huku anaimba wimbo wa kanisani.

"Hiki usikiangalie, siuzi tena," alisema aliponiona. "Nimemwekea mjukuu wangu. Jesca anajifungua wakati wowote." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akanitazama machoni bila haya. "Mungu atakupa mwingine, mama. Ila ujitahidi kupunguza usingizi."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililimeza. Duka lilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu ila mafriji na mazulia. Kunisingizia alinisingizia mbele ya mtaa mzima, halafu akiri mbele ya mafriji? Angenipigia magoti, angelia, angenipa kitu kidogo, na kesho yake angewaambia watu kwamba nimekuja kumpigia kelele kwa uchungu wa msiba. Hapana. Nilitaka mikeka ile ile na makalio yale yale juu yake. Na nilijua yatapatikana wapi: mtoto akizaliwa, kitovu kikidondoka, wanawake wote wangeitwa siku ya kumtoa nje, na Mama Jesca angewaingiza mpaka chumbani wakakione kitanda.

"Asante, Mama Jesca," nikasema. "Siku ya kumtoa mtoto nitakuja."

Jesca alijifungua mtoto wa kiume. Nilisikia vigelegele nikiwa nafua. Kuanzia hapo nilikuwa nasubiri, na sitaficha nilivyosubiri. Nilijiambia mzazi wa kwanza hulala na mtoto kifuani, hamwachi kitandani. Nilijiambia Jesca ni mwembamba na analala kwa utulivu, si kama mimi. Nilijiambia siku zenyewe ni chache. Mara moja nilifika hadi kwenye geti lao, mikanda ikiwa kikapuni, nikasikia kichanga kinalia ndani na bibi yake anakibembeleza kwa sauti ile ya kuuza, nikageuza. Asubuhi moja nilisikia mayowe upande wa nyumba yao. Moyo uliruka, na mpaka leo sijui uliruka kwa hofu au kwa kitu kingine. Ilikuwa mtu anafukuza kuku.

Siku yenyewe ikafika. Pilau lilipikwa, wanawake walijaa, na Mama Hidaya alishangaa kuniona nimevaa vizuri, kikapu mkononi, ndani yake boga kubwa la kutoka kwa mjomba. Mtoto alitolewa nje, akaonyeshwa jua, tukapiga vigelegele. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu. Kisha Mama Jesca akapiga makofi. "Jamani, njooni muone anapolala mjukuu wangu. Mambo ya Ulaya hayo!"

Tukajazana chumbani. Kitanda cheupe kilikuwa kimesogezwa kikagusana na kitanda cha Jesca, chandarua kimefungwa kwa utepe, kishuka kina vikatuni. Wanawake wakaguna kwa kukitamani. Jesca alisimama mlangoni, mtoto begani.

"Mama Jesca," nikasema, "naomba niwaonyeshe wenzangu jambo."

Sikungoja anijibu. Nilitoa boga, nikalifunga kwenye kanga kama mtoto, nikalilaza kwenye kile kitanda, ukingoni upande wa mama, mahali mtoto husogezwa akimaliza kunyonya. Halafu nikavua viatu, nikapanda kitanda cha Jesca, nikalala. Kuna aliyecheka. Nikajigeuza. Nikajigeuza tena, nikasukuma kwa goti kama mtu aliye usingizini. Magurudumu yakaserereka kwenye ile sakafu ya sementi iliyosuguliwa, uwazi ukafunguka, na boga likabingirika likaingia katikati likakwama, kanga imelifunika. Hakucheka mtu tena.

Nilishuka. Nikatoa mikanda, nikaingiza vyuma kwenye vitobo mbele ya macho yao, nikafunga, nikakaza. Nikamwambia Mama Hidaya alale yeye, mnene kuliko sisi wote, ajitupe anavyoweza. Alijitupa. Boga lilikaa mahali pake.

"Mikanda hii inajulikana," nikasema. "Mama Jesca, waambie ilitoka wapi."

Alikuwa ameshika ukuta. Lazima niseme kwamba niliona raha. Niliiona raha mpaka kwenye magoti. "Niliichomoa mimi," alisema, na mara ya kwanza sauti yake haikuuza kitu. "Nilidhani ni ya mizigo. Haki ya Mungu, nilidhani ni ya mizigo."

"Ukamuuzia nani?"

"Mjomba wako."

"Nani alimlalia Anselmi?"

"Yustina, nisamehe..."

"Sikuja kusamehe. Jibu. Wote wako hapa, na siku ile walikuwepo."

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyemlalia. Hukumlalia mwanao." Akateleza ukutani akakaa sakafuni, kilemba kikamvuka, akawa mwanamke mzee tu mwenye mvi. Mama Hidaya alianza kulia akanishika bega. Mwingine akasema, "Maskini, tumemwonea huyu mama," na sauti zikaongezeka, kila mmoja anataka kunigusa, na mimi nilisimama katikati yao, kichwa juu, nikiwa nimepata kila nilichokiomba kwenye rozari.

Jesca hakuwa amesogea pale mlangoni. Alikuwa anamtazama mtoto wake, kisha kile kitanda, kisha mimi.

"Dada Yustina," aliniita. "Mikanda hii unayo tangu lini?"

Wanawake wakanigeukia. Nilitafuta uongo wa kumwambia na mdomo wangu haukuupata.

"Nilikuja nayo dukani," nikasema. "Hujajifungua bado. Mama yako alikuwa anakifuta vumbi."

"Hukusema."

"Duka lilikuwa tupu, Jesca."

"Mwanangu amelala humo tangu tulipotoka hospitali," alisema. Hakupandisha sauti. "Kila siku. Juzi nilikikuta kimesogea, nikakirudisha kwa mkono, nikadhani ni mama kakigonga wakati wa kufagia."

Mkono wa Mama Hidaya uliondoka begani kwangu. Jesca akamfunika mtoto uso kwa kanga, akageuka, akatoka, na wanawake wakaanza kumfuata mmoja mmoja, wengine wakigeuka mlangoni kutuangalia. Chumbani nikabaki mimi na Mama Jesca, yeye sakafuni na mimi nimesimama, na waliotutazama walitutazama wote wawili kwa jicho moja.